Waliobaki Darasani

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Wastani, kwa kuwa alifundisha takwimu chuoni na hakumruhusu mtu kupita mlangoni bila kumuuliza wastani ni nini. Masomo yalipohamia mtandaoni, mlango ukawa haupo tena. Akawa anafundishia chumbani, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, mbele yake miraba arobaini myeusi ya wanafunzi waliozima kamera. Akitania, kimya. Akiuliza swali, kimya. Aliyejibu ni mumewe kule sebuleni, na alikuwa akikosea.

Mkuu wa idara, ambaye Bi Wastani alimfundisha mwenyewe, akampigia simu.

"Mwalimu, niwie radhi, matokeo ni mabaya. Nipatie mwanafunzi mmoja tu wa kunieleza somo kwa maneno yake. Akikosekana, wiki ijayo tunawawekea video, nawe upumzike."

Hilo la kupumzika lilimchoma. Miaka ishirini na sita ya kazi, leo awekwe kando kama sufuria iliyotoboka?

Kesho yake akaamua kuwavizia. Kipindi hakijafika hata dakika kumi, akasema, "Tumemaliza, kwaherini," kisha akatulia tuli. Aliyekuwa akisikiliza angeondoka. Aliyewasha simu na kwenda zake angebaki.

Walibaki wote arobaini. Bi Wastani aliumia, tena sana. Alikuwa ananyoosha kidole azime kompyuta, mara sauti ya mwanamke ikatokea, na vyombo vikigongana nyuma yake.

"Mwalimu, mbona umekatisha? Leo hata mfano hukutoa."

"Wewe nani?"

"Mama wa mwanafunzi wako mmoja. Binti yangu anawasha simu, ananiachia hapa jikoni, anarudi kulala. Nakusikiliza tangu wiki ya kwanza."

"Haya mama, wastani ni nini?"

"Ni mwongo," mama akajibu bila kusita. "Kazi za hapa nyumbani, mimi nafanya saa kumi na mbili kwa siku, mume wangu mbili, binti moja. Jumlisha, gawa kwa tatu, unaambiwa kila mtu anafanya saa tano. Sasa hao wawili, hizo tano wanazifanyia wapi?"

Bi Wastani akacheka hadi machozi yakamtoka, huku akimtafuta mkuu wa idara kwenye simu yake.

"Usiondoke, mama. Kuna mtu nataka umweleze hivyo hivyo. Na asipouliza kama umesajiliwa, nawe usimwambie."