Printa ya mama imetoa barua niliyoificha

Leo printa ya mama imeanza kutoa karatasi kabla sijaiagiza chochote.

Nimekuja Mvumi kumsalimia. Nikachomeka waya kwenye kompyuta yangu nimchapie ratiba ya kwaya yao. Mara karatasi hizo, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayekumbuka ndoto.

Kumbe kompyuta yangu bado inaijua hii kuwa ndiyo printa kuu, ya kutumiwa kila ninachochapa. Kule kwangu Makole kila nilichochapa kiligoma kutoka, nikawa nailaumu printa yangu mpya. Vyote vilikuwa kwenye foleni, vinasubiri nifike nyumbani.

Upepo wa mlangoni ukazisambaza sakafuni. Mama akaziokota, miwani puani, anasoma.

Maelekezo ya keki.
Fomu ya likizo.
Halafu barua yangu ya kuomba uhamisho kwenda Kigoma.

Hiyo sikuwahi kumwambia. Ilipogoma kutoka siku ile nilisema basi, hilo ndilo jibu, nitamwachaje mama peke yake?

Akaisoma mara mbili. Mimi nikawa natazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha.

"Mbona hujasaini?" akauliza, akanipa kalamu.

Nimesaini, jamani.

Kisha nikafungua mipangilio ili printa yangu iwe ndiyo kuu. Kidole kikasita. Ninyi mngebadilisha?

Mimi nimeiacha ya mama. Nitakachochapa Kigoma nikajisahau kuchagua printa nyingine, kitasubiri nirudi kwake.