Mtaji Aliowekewa na Shemeji

Fundi viatu alikuwa na kanuni moja katika poka, kamari ya karata: haketi mezani na zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya mtaji wake wa kuchezea. Kwa kuwa hakuiamini mikono yake, mtaji alimpa shemeji, kaka wa marehemu mkewe, amwekee. Miaka sita haba na haba ukakua, ukakaribia bei ya cherehani ya kushonea ngozi.

Jumamosi alipoufuata, shemeji aliinamisha kichwa.

"Niliupeleka meza kubwa, shemeji. Umeliwa wote."

"Kwa mpigo mmoja?"

"Karata zilikuwa nzuri, wallahi!"

"Mimi nilijiogopa mwenyewe, kumbe wa kuogopwa ni wewe."

"Nipe kidogo tu, nitaurudisha."

Fundi akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.