Jilala wa Kisimani

Kwandu alikuwa na macho mekundu, na tuanzie hapo, maana yangekuwa meupe kama ya watu wengine habari hii yote isingekuwepo. Hakuzaliwa nayo. Aliyapata hapa hapa Bariadi, kiwandani, alikosimama kwenye mashine ya kuchambua pamba ujana wake wote, vumbi la nyuzi likimwingia mchana kutwa, na jioni anarudi nyumbani kupuliza moto wa mavi ya ng'ombe kwa sababu kuni kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Hospitali walimpa dawa ya matone. Matone yakaisha, wekundu ukabaki.

Sasa mwanamke wa makamo, mjane, hana mtoto, macho mekundu, katika nchi yetu na miaka ile! Nani asiyejua ataitwa mchawi? Mwaka uliotangulia, katika kijiji nisichotaka kukitaja, bibi mmoja alikatwa mapanga akipepeta mtama wake, na kosa lake lilikuwa macho tu. Kwa hiyo Kwandu aliishi kwa hadhari. Alimsalimia kila mtu, hakukosa msiba, akiombwa chumvi anatoa. Mtoto wa jirani akiugua, yeye ndiye wa kwanza kupeleka uji na wa kwanza kuondoka, asije akaonekana amekaa sana karibu na mgonjwa.

Soko huria lilipofunguliwa, kiwanda cha ushirika kikafungwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, ikaja mitumba, zikaja redio na televisheni, kila mtu ruksa kuuza anachoweza. Kwandu hakuwa na cha kuuza. Mdogo wake Januarius, aliyekuwa Mwanza, akamletea televisheni iliyotumika, jenereta ndogo yenye kikohozi, na mashine ya gemu.

"Dada, pamba imekufa. Kazi ya sasa ndiyo hii."

Kwandu akaigeuza ile mashine huku na huku. "Hii inaliwa?"

Lakini akajenga banda la mabati nyuma ya soko, akaweka mabenchi, na vijana wakajaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya misumari.

Walikuwepo wa mpira na wa magari ya mbio. Ila iliyowateka wote, hata watu wazima na ndevu zao, ilikuwa gemu ya msitu. Kijana anaamshwa na mama yake nyumbani, anachukua fimbo, anaingia msituni, na huko ndani kabisa anakuta kijiji kilichorogwa. Miti ina macho. Nyumba zimechongwa ndani ya mashina, na vimwanga vya buluu vinaelea milangoni. Wenyeji wamefungwa na mchawi: mmoja anatwanga, mmoja anafagia, mmoja anateka maji kisimani, na hawaachi, hawasemi, hawachoki. Maandishi yake hakuna aliyeyasoma. Yalikuwa ya nini? Msukuma akiona watu wanafanya kazi bila kusema wala kuchoka, hahitaji mkalimani.

"Misukule hao," alisema Dastan, fundi baiskeli, siku ya kwanza alipowaona. "Wamezikwa kwao watu wakalia, kumbe mchawi anao, wanamlimia." Banda zima likacheka, kicheko cha watu wanaotazama mlango uko wapi.

Aliyeijua gemu ile kuliko wote alikuwa Jilala, karani wa mizani kwa mnunuzi mmoja wa pamba, kijana mcheshi, mrefu, meno ya mbele yana mwanya. Mashine huuliza jina mwanzoni, na jina hilo hukaa juu ya kichwa cha yule kijana wa gemu popote aendapo. Jilala aliandika lake mwenyewe. Akamfikisha mpaka kijijini, akamsimamisha kisimani, akahifadhi kwenye kadi ya mashine, akasema, "Mayu Kwandu, mama yangu, mtu asimguse huyu. Naenda Lalago kupima pamba, nikirudi namalizana na huyo mchawi."

Hakurudi kumaliza. Malaria ilimpanda kichwani huko huko, akarudishwa mgonjwa, na juma halikuisha wakamzika kwao, ng'ambo ya korongo. Kwandu alikwenda, akapika, akalia. Akawahi kuondoka.

Kilichofuata kililetwa na mdomo wa Dastan. Sio mtu mbaya, Dastan, ila ulimi wake hauna breki, na yeye fundi wa breki! Alikwenda kumpa pole Milembe, mama yake Jilala, akamkuta amekaa chini hali wala hanywi, akataka kumfariji. Akamwambia, "Mama, mbona Jilala bado yupo? Jana nimemwona kwa Kwandu. Amesimama pale kisimani, na jina lake juu ya kichwa."

Siku ya mnada Milembe akaja. Alisimama mlangoni, kaniki ya msiba begani, akasalimu kwa sauti ndogo kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Mhola, mwenzangu? Nimeambiwa mwanangu yuko hapa."

Kwandu akashika bati la ukuta. Angeweza kusema hayupo. Angeweza kusema mashine imeharibika. Lakini mwombee adui yako njaa, usimwombee kufiwa na mtoto wa pekee. Akawatoa wateja, akafungua kadi, na Jilala akatokea, amesimama kisimani, anapumua juu chini kama gemu zinavyofanya. Nyuma yake wale waliorogwa wanateka maji.

Milembe alitazama weee. Kisha akasema, "Amekonda." Akauliza, "Anasikia?"

"Hasikii, mayu. Ni picha."

"Haya." Lakini alimsalimia hata hivyo, akampa habari za ng'ombe aliyezaa, akaondoka akiwa amenyooka kidogo kuliko alivyokuja. Siku hiyo alikula ugali, watu wa kwake walisema.

Akaja mnada uliofuata, na uliofuata tena. Wateja wakawa wanamsubiri nje. Na watu wakisubiri nje kazi yao nini? Kusema. Kwandu anaye Jilala. Kwandu anamtekesha maji. Si unaona macho yake? Jenereta lile linanguruma mchana kutwa, unadhani linawasha televisheni peke yake? Wakaanza kutaja kile kijiji chetu cha hadithi, mnakijua, ambacho nacho sikitaji, wanachosema wachawi wameficha mji mzima ndani yake. Sasa mji umehamia kwenye banda la Kwandu. Muuza nyanya aliyekuwa akimwita dada akaanza kumpimia bila kumtazama usoni. Asubuhi moja alikuta majivu yamemwagwa mlangoni kwake, mstari mmoja, kutoka nguzo hadi nguzo.

Kwandu aliogopa. Siwezi kuipamba. Aliogopa mpaka akisikia mtu anakohoa nyuma ya uzio anakaa chini. Alitaka kumwambia Milembe asije tena. Kila alipofungua kinywa alimwona anavyoweka kitako pale benchini na kujifunga kaniki vizuri, kama mtu anayekaribia kuongea na mwanawe aliyekwisha kukua, na maneno yakarudi tumboni.

Kisha Mayige akatuma salamu. Mayige alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, mzee mkavu, mwenye haki yake ngumu. Hakuwa mla rushwa wala mlevi, na ndiyo maana alitisha. Salamu zenyewe zilikuwa fupi: Jumamosi, mnada ukivunjika, tunakuja kumwona huyo mtu wa kisimani. Sungusungu wakikuona una hatia, afadhali wakutenge: hakuna wa kukupa moto, wala maji, wala salamu, na ukifa unajizika. Hiyo ndiyo afadhali. Ile nyingine Kwandu aliijua, ni ya yule bibi wa mtama.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja, alifunga mlango akawasha mashine. Alijiambia: wasipomkuta, hakuna kesi. Mwizi ni yule anayekutwa na ng'ombe. Alikwisha kumwona Dastan akifuta safari za watu kwenye kadi, alijua vidude vya kubonyeza. Akamtazama Jilala kisimani. "Nisamehe, baba," akamwambia, akabonyeza. Mashine ikalia tii, na nafasi yake ikawa tupu. Kwandu akafungua mlango.

Ee Mungu wangu, woga ni mshauri mbaya! Hakuwaza hata kidogo watu wake wanawaza nini.

Walikuja mchana, jua kali, Mayige mbele na upinde wake, vijana wa sungusungu na filimbi zao, na nyuma yao nusu ya soko. Milembe akakalishwa benchi la mbele. Jenereta likakohoa, picha ikaja. Kadi ikafunguka. Tupu.

"Yuko wapi?" Milembe akauliza.

Dastan akaruka. "Alikuwepo! Juzi alikuwepo, mimi mwenyewe nimemwona!"

Banda likavuma. Kwandu alisikia neno moja likipita benchi hadi benchi mpaka nje juani: amemficha. Hapo ndipo alipong'amua alichofanya. Ng'ombe wa wizi asipoonekana zizini, watu hawasemi hakuibwa, wanasema amehamishwa.

"Nimemfuta," alisema. "Niliwaogopa. Asubuhi hii, kwa mikono yangu. Ilikuwa picha tu, wazee wangu, nimeifuta kama mtu anavyofuta ubao."

"Msukule hafutwi," Mayige akajibu taratibu. "Anahamishwa."

Milembe hakupiga kelele. Alimtazama Kwandu tu, na Kwandu angependa apigwe. "Ulinikaribisha," Milembe akasema. "Ulinipa kiti. Kumbe ulikuwa unamtoa bila hata kuniacha niagane naye?"

Kwenye televisheni mashine ilikuwa imejiendea yenyewe kwenye safari mpya, na sasa inauliza jina. Kijistari kinawakawaka mahali pa kuandika, na ule wimbo wake mfupi unaanza, unaisha, unaanza. Hakuna aliyeuzima. Uliendelea kulia vile vile kama mtoto mchanga asiyejulikana anataka nini, na ndipo Kwandu akakumbuka mtoto wa marehemu dada yake, aliyelia tangu kuzaliwa mpaka wazee wakakaa kumtajia majina ya waliokufa, moja moja, na alipotajiwa la babu yake akanyamaza.

Akachukua kile kidude cha kuchezea, akapiga magoti mbele ya Milembe, akamwekea mapajani kwa mikono miwili.

"Huyu ndiyo kwanza anazaliwa. Hana jina. Mpe wewe, mayu."

Filimbi moja ikalia nje, Mayige akanyanyua mkono ikanyamaza. Mzee yule alifikiri. Alifikiri muda mrefu kwa kweli, na Kwandu alitazama tu zile kamba za viatu vya tairi vya mzee.

"Ni sawa," Mayige akasema mwisho. "Jina la mtu aliye hai halipewi mrithi. La msukule ndiyo kabisa, maana hajafa. Milembe, sikiliza vizuri. Ukimpa huyu jina la mwanao, umesema mbele yetu kwamba Jilala alikufa kifo cha Mungu, amelala kaburini kwake, na hapa hakuna kesi. Usipompa, basi bado unamtafuta, nami nina kazi na mama huyu."

Uhai wa Kwandu ulikuwa mapajani mwa Milembe, umeunganishwa na waya. Na Milembe alijua. Alikishika kile kidude kwa vidole vya kulimia, akakigeuza.

"Kule kisimani alikuwa bado yuko njiani," akasema. "Nilikuwa naweza kumngoja."



Kwandu hakumhimiza. Alitaka, tena sana, lakini alimwona mwenzake analia bila sauti, akaona aibu kumharakisha mtu kuzika kwa ajili ya shingo ya mwingine. Wimbo ukaisha, ukaanza tena.

"Sijui kuandika," Milembe akasema.

"Mimi najua," Kwandu akajibu. "Wewe bonyeza, mimi nitakuonyesha herufi."

Wakaandika pamoja, wanawake wawili na kidole kimoja. Herufi zilikuja moja moja kwenye kioo, na Milembe akizitazama kila moja kabla ya kukubali nyingine. Ilipokaa ya mwisho akafunga macho akabonyeza. Wimbo ukanyamaza.

Mayige akavua kofia. "Jina limepata mtu," akasema, akatoka, na vijana wake wakamfuata bila kupuliza filimbi. Wengine nao wakatawanyika, Dastan wa kwanza. Kwandu alibaki magotini.

Kwenye televisheni ikatokea nyumba, si ya msituni, ile ya mwanzo, ya udongo na nyasi, asubuhi. Kijana amelala kitandani, jina lake juu ya kichwa. Mwanamke anakoroga chungu motoni, anaacha mwiko, anakwenda kumtikisa bega.

"Huyo nani?" Milembe akauliza.

"Mama yake."

"Anampikia?"

"Kila anapoamka."

Milembe akatazama mpaka yule kijana akaketi kitandani. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kaniki, akainuka, akamshika Kwandu mkono akamwinua naye.

"Usimpeleke msituni," akasema. "Mwache na mama yake."

Kwandu akahifadhi pale pale, kijana akiwa bado hajatoka nje.