Ng'ambo ya Ziwa

Ni mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekana, na mama alikufa akiamini kwamba ni yule mwalimu jirani yetu aliyepeleka maneno kwa afisa wa elimu. Sikumsahihisha. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeandika insha kuhusu ukweli, moja ndefu sana, na bado sikumsahihisha.

Baba alikuwa Mpare wa Tanganyika. Alikuja Kenya kufundisha hesabu Ruiru miaka ya hali ya hatari, walimu wengi wa hapo walipokuwa kizuizini. Siku moja ukaja waraka wa masharti ya kazi kutoka Thika, umetafsiriwa na karani ambaye bila shaka alikuwa na haraka: mwalimu aliyetoka ng'ambo atalipiwa nauli ya kwenda kwao likizoni, yeye na jamaa yake.

Kila mtu alijua waliokusudiwa ni Wazungu. Bibi wa Kizungu aliyefundisha ushonaji alikuwa na nyumba ya mawe, posho ya ugeni, na meli ya kumpeleka kwao na kumrudisha. Lakini baba alisoma waraka kama anavyosoma hesabu. Kwao ni ng'ambo ya Ziwa Jipe. Ukisimama upande wa Kenya unapaona. Mama yake alikuwa mgonjwa huko, hajawahi kuniona, na mshahara wa baba usingetufikisha sote. Akaandika barua.

"Mzungu wa Upare," mwalimu jirani alimwambia, "kofia ya jua unaletewa lini?"

Baba hakucheka. Jibu lilipochelewa, alishuku kwamba mkuu wa shule amelikalia. Jirani naye alishuku kwamba mtu anayeiandikia serikali barua ndefu hivyo hakosi kuandika nyingine za siri; akaacha kuja kunywa chai kwetu. Mama alimshuku hata mwenye duka, kwa kuwa alimuuliza tunasafiri lini.

Ndipo afisa akaja kutoka Thika kututazama. Baba alikuwa amenifundisha: nikiulizwa kwetu ni wapi, niseme Upare, basi. Afisa aliinama, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nikasema Upare. Akatabasamu, akanyamaza. Mimi kimya hunishinda hata leo, kwa hiyo nikakijaza. Nilimwambia hapa hatupapendi. Nilimwambia baba husema akipata nauli hatarudi tena kwenye baridi hii. Na kweli alikuwa akisema hivyo, kila asubuhi ya Julai, akinyoa ndevu kwa maji baridi. Afisa akaandika kidogo kwenye daftari lake.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ikiuliza kama ni kweli mwalimu hana nia ya kuendelea na kazi. Baba alijibu siku hiyo hiyo kwamba si kweli hata kidogo, anaipenda kazi yake. Kisha akatuuliza nyumbani nani amesema. Nikasema sijui. Mama akasema, "Ni huyo wa mlango wa pili. Nani mwingine?" Tangu siku hiyo nyumba mbili zilizopakana kwa ukuta mmoja hazikusalimiana, nami nikawa wa kwanza kugeuza uso nilipomwona jirani.

Simu ya shule ilikuwa moja tu, mezani kwa mkuu. Baba aliitwa kutoka darasani, mimi nikifagia uwanja wa shule karibu na dirisha la mkuu, ambalo lilikuwa wazi. Alishika simu kwa mikono miwili. Alirudia kila neno aliloambiwa, ili asikosee.

"Nimekubaliwa. Ndiyo, bwana. Mimi ni wa ng'ambo." Alimtazama mkuu, karibu acheke. "Mke na mtoto pia. Nauli ya kwenda, mwisho wa mwezi."

Akangoja.

"Na ya kurudi, bwana?"

Alisikiliza kwa muda mrefu. Mkuu alikuwa ameinamia karatasi zake.

"Ya kwenda tu," baba akarudia, polepole, kama anayesomea darasa imla.