Matanga ya Dereva wa Kubuni

Mchezo wenyewe niliutunga kwa sababu Jumamosi zilikuwa ndefu. Nilikuwa mwalimu mgeni, msichana wa kutoka Biharamulo, nimepangiwa shule ya msingi kwenye kilima kimoja cha Ngara, mwendo wa asubuhi moja kutoka kambi za wakimbizi za Lukole. Kukaa bure sijui. Nikachukua karatasi ya manila, nikachora mto, barabara, soko na vilima, halafu nikaandika sheria. Kila mchezaji anajitungia mtu wake. Mimi nasimulia safari, kisha namuuliza: sasa unafanya nini? Anasema anachofanya, na penye mashaka yanaamua maharage.

Maharage yalitokana na ugomvi. Mimi nilitaka dadu. Lakini tulikuwa tunacheza barazani pa duka, na mwenye duka, mzee wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani kuja kufanya biashara, alisema dadu hazitatua kwake, watu wasije wakasema anachezesha kamari. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaokota kopo tupu la mafuta ya msaada, nikatia ndani maharage ya kutoka Kirushya, ya rangi mbalimbali. Ukitoa jeupe, mambo yamekwenda vizuri. Jeusi, yamekwenda vibaya. La madoa, umefanikiwa ila utajuta kidogo. Unaingiza mkono bila kuchungulia. Yalikuwa bora kuliko dadu kwa mbali, lakini mzee sikumwambia, angevimba kichwa bure.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Mwenye duka, ambaye maishani alikimbia hata ndama, alicheza mfugaji mwenye ng'ombe wa kujaza bonde. Jirani yangu, mkulima mzaliwa wa Kibimba, hapo hapo Ngara, alicheza dereva wa lori la msaada, maana miaka ile kila mwanamume aliyeona yale malori yakipita na antena zake alitamani kuwa ndani. Wa tatu alikuwa mama mshonaji, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuja kila siku ya soko kushona kwa cherehani ya mwenye duka na kulala kwa shemeji ya mzee kabla ya kurudi kambini. Huyo nilimwandalia mtu kwa ufundi wangu wote: mwanamke aliyekimbia vita, mwenye huzuni nyingi. Aliisoma karatasi yangu, akaikunja vizuri, akaniuliza kwa adabu kama hakuna kitu kingine. Akajitungia mwenyewe. Akawa dada yake dereva, mwenye nyumba ya bati, shamba la kahawa na mbwa mkali getini. Tangu hapo sikumwandalia mtu yeyote huzuni. Aliyetaka alikuja na yake.

Basi ikafika Jumamosi moja ya mvua za kwanza, kilima kizima kiko mashambani kinapanda maharage. Katika mchezo, dereva alikuwa anavusha lori mtoni na daraja limelegea. Nilimshauri azunguke. Jirani yangu ana kichwa kigumu, akasema dereva wa kweli hazunguki. Akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa jeusi. Nikampa nafasi ya kuruka nje ya lori, akatoa jeusi tena. Mwenye duka akajitolea kurusha kamba ya ng'ombe wake, naye akatoa jeusi. Sheria zilikuwa zangu na nilizipenda kupita kiasi, kwa hiyo nikatangaza kwamba dereva amekufa maji.

Mama mshonaji aliweka mikono kichwani akapiga ukunga.

Niseme ukweli wa moyo wangu: nilifurahi. Mtunzi wa mchezo anataka nini zaidi, mtu anamlilia dereva aliyetengenezwa kwa penseli! Nilidhani anaigiza, tena anaigiza vizuri, na nikawafanyia wenzangu ishara wasimkatize. Sauti yake ilivuka bonde ikaenda upande wa pili, na yeye akaendelea. Jirani yangu alianza kwa kucheka kifo chake mwenyewe, kisha akaacha. Mwenye duka akatazama chini.

Jambo nisilolijua, kwa ugeni wangu, ni kwamba kwenye kilima kile kilio cha msiba kikisikika hakuna anayeshika jembe tena mpaka marehemu azikwe. Jirani yangu alilijua. Aliponiambia baadaye kwamba alisahau kwa sababu aliyekufa alikuwa yeye, nilishindwa hata kumgombeza.

Walianza kufika kabla chai ya mama mshonaji haijapoa. Wanawake wakaja na kuni kichwani, wanaume wakaja na vigoda, miguu yao ina udongo mbichi. Bibi mmoja mwembamba alitua mkungu wa ndizi barazani, akapangusa mikono, akauliza marehemu ni nani na maiti iko wapi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba na akaendelea kuningojea jibu.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikaonyesha mto kwenye manila, nikaonyesha kopo. Kadiri nilivyosema ndivyo nyuso zilivyokunjamana. Siku nzima ya kupanda imeliwa na dereva ambaye hakuzaliwa. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa amekuja na kigoda chake, akasema kwa kuwa watu wamekwisha kukusanyika, shauri liamuliwe hapo hapo.

Nilijiandaa kupigwa faini. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hafukuzwi kirahisi. Maneno yakamgeukia aliyepiga ukunga. Mmoja akasema watu wa kambi wamezidi, mwingine akasema huyu mama asikanyage tena kijijini, na nikaona mwenyekiti anatikisa kichwa kukubali. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nilijua kwamba baraza lile na cherehani ile ndipo mahali pekee alipokaa nje ya kambi, na kwamba atapapoteza kwa sababu ya sheria zangu na kopo langu. Nikasema mchezo ni wangu, kosa ni langu, wanifukuze mimi. Hakuna aliyenisikiliza.

Bibi wa ndizi alimsogelea mama mshonaji, akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, mtu hakuwepo. Ulikuwa unamlilia nani?"

Mama mshonaji alijibu polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nilianza na dereva, bibi. Halafu wengine wakaja. Mume wangu, na kaka zangu. Tuliondoka mbio, hatukukaa matanga ya mtu hata mmoja."

Bibi akainuka kwa kujishika magoti na kumgeukia mwenyekiti.

"Basi hatukuacha jembe bure," alisema. "Mwenyekiti, hapa kuna msiba. Mwambie mwalimu akaweke maji jikoni, ndizi za msiba hazirudi nyumbani."

Mwenyekiti alikohoa. Alijua kama nilivyojua kwamba shauri limekwisha na si yeye aliyelimaliza. Ili asitoke mikono mitupu, akatoa agizo: mama mshonaji atakuja kama kawaida, ila siku zijazo, kabla mtu hajafa kwenye mchezo, ofisi ya kijiji ipewe taarifa.

Tulimenya ndizi, tukazipika na maharage, yakiwemo ya kwenye kopo, maana watu walikuwa wengi. Wanaume wakakaa nje kama wanavyokaa msibani, rubisi, ile pombe ya ndizi, ikatoka nisikokujua, na mwenye duka akajifanya haioni. Chakula kilipopoa jirani yangu akaona ni wakati wa kuuliza kama dereva wake anaweza kuvuta haragwe jingine, pengine aliogelea. Bibi akamkatalia palepale. Akasema tumeshamlilia na tunakula chakula chake, akirudi sasa atatutia aibu sote. Mama mshonaji alicheka mpaka akaweka sahani chini, na mimi nikaandika sheria ile kwenye manila yangu: aliyeliliwa harudi. Ndiyo sheria bora niliyo nayo mpaka leo, na aliyeitunga hakuwahi kutia mkono kwenye kopo.

Jumamosi iliyofuata nilifika dukani nikiwa na maharage mapya. Mama mshonaji alikuwa ametangulia, na safari hii hakuja peke yake. Alikuwa na wanawake wengine wa kambini, wamekaa kwenye benchi wamejitanda khanga zao, wananitazama. Nikadhani wamekuja kushonewa. Nikawauliza kama wangependa kucheza, na kila mmoja angetaka kuwa nani.

Mkubwa wao badala yake aliniuliza kama ni kweli kwamba hapa, mtu wako akifa, kilima chote kinaacha jembe.

Nikamwambia ni kweli, ila tumpe taarifa mwenyekiti kwanza.