Mvua Si Utaratibu

Kwa miaka kumi na mmoja shemeji yangu Bodil ametengeneza kitu ambacho kila mtu anakisifu na hakuna anayeruhusiwa kukinunua. Nasema hivi kwa hasira, maana mimi ndiye niliyekuwa nikikivuta kwa trekta.

Ni nyasi za bahari. Baada ya dhoruba zinalala marundo marundo ufukweni mwa kisiwa chetu cha Læsø, na bibi zetu waliezekea nyumba kwazo. Mapaa mengine yana miaka mia mbili na hayajaoza wala kushika moto. Bodil, mwalimu wa hesabu aliyefiwa mapema mno na kaka yangu Asger, alichukua mashine kuukuu ya kufungia majani ya ng'ombe, akaichokonoa misimu mitatu mpaka ikaanza kutoa magodoro ya nyasi hizo, ya kujaza kwenye kuta na dari ili nyumba isipoteze joto. Hayana kemikali ndani yake. Wageni walikuja na kamera, wakala keki, wakapanda feri wakaenda zao.

Kisha akaja Signe, msanifu majengo aliyekuwa akichora chekechea mpya kule bara, mjini Frederikshavn. Aliingiza mkono ndani ya godoro mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Bodil, nataka paa zima." Nilimwona shemeji akikaa ghafla juu ya ndoo. Paa moja la umma lingetosha. Wengine wote wangefuata.

Ila jengo la umma linataka cheti, na cheti kinataka kila hatua iandikwe. Palipoulizwa nyasi zinaoshwaje, Bodil aliandika ukweli: tunazitandaza malishoni, mvua inaziosha. Siku ya pili Esben wa ofisi ya vyeti akapiga simu.

"Mama, mvua si utaratibu."

"Ilikuwa utaratibu kabla babu yako hajazaliwa."

"Sikatai. Lakini mvua kiasi gani? Siku ngapi? Nani anaipima?"

"Anayeileta."

Esben alicheka, kijana mwenye adabu, kisha akasema fomu haina nafasi ya kumwandika huyo. Andika maji ya bomba, akashauri, lita na dakika, halafu utuletee kipande tukichome tuone.

Hapo ndipo tulipojikaanga kwa mafuta yetu wenyewe. Kwetu hakuna kitu kinachopanda feri kikiwa kichafu. Hata viazi tunavisugua kabla ya kuvipeleka bara, watu wasije wakatusema. Bodil alizitia nyasi kwenye beseni la kuogea, akazisuuza kwa maji ya bomba mara tatu, akaokota makombe ya baharini moja moja.

"Shemeji, unaziosha kama unaozesha binti," nikamtania.

"Na wewe ungeogeshwa hivi ungekwishapata mke. Lete taulo."

Nilileta taulo. Mzee mzima niliyezaliwa chini ya paa la nyasi, nilileta taulo. Kila mtoto wa kisiwa hiki anajua kwamba mvua huacha chumvi kidogo ndani ya nyasi, na kwamba chumvi hiyo ndiyo inayozuia moto. Tulijua wote wawili, na katika kutaka kusifiwa usafi hatukukumbuka.

Kule ofisi ya vyeti kipande kiliteketea chini ya dakika moja.

Bodil alimpigia Esben siku barua ilipofika, akamweleza habari ya chumvi.

"Nakuamini, mama," alisema Esben. "Lakini nyasi zenye chumvi hazina utaratibu, na zenye utaratibu zinaungua. Matokeo yameshaingia kwenye daftari, siwezi kuyafuta. Omba upya."

Foleni ya kuomba upya ilikuwa miezi kumi na minne, na Signe alitakiwa kufunga paa kabla baridi haijaingia. Alipiga simu akilia, akasema ametumia sufu ya kiwandani badala ya nyasi. Bodil ndiye aliyembembeleza.

Nikadhani habari imeishia hapo. Kumbe daftari husomwa na wengine pia. Asubuhi moja ya Oktoba akaja Kresten, mkuu wa zimamoto wa kisiwani, niliyesoma naye darasa moja. Alivaa sare, kofia ameishika mkononi. Alisimama mlangoni mwa ghala lenye magodoro mia nne.

"Bodil, imeandikwa kwamba haya yanashika moto haraka. Hayawezi kukaa ghalani."

Bodil alitoa kiberiti, akawasha njiti, akaigusisha kwenye godoro la karibu. Likafuka moshi kidogo, likazima. Akawasha ya pili, kisha ya tatu, halafu akamtazama.

"Naona," alisema Kresten. "Nalala chini ya nyasi hizi maisha yangu yote, nisione? Lakini karatasi inasema zinaungua, na mimi nimetumwa na karatasi."

"Yatoke lini?"

"Ijumaa."

Nilimwambia Kresten maneno ambayo sitayaandika hapa. Bodil akanishika mkono ninyamaze. Yeye hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya safari za trekta.

Zilikuwa kumi na tisa. Ijumaa tuliyarudisha magodoro ufukweni, mvua ikinyesha tangu asubuhi. Safari ya mwisho tulimkuta Kresten amesimama pale, safari hii bila sare, na tela dogo nyuma ya gari lake.

"Bodil," alisema, akitazama viatu vyake, "paa langu linavuja upande wa kaskazini. Ningechukua manne, kama hutajali. Nitalipa."

"Huruhusiwi kununua," Bodil alimwambia.

Akampa sita. Alimsaidia kuyapakia na kuyafunga kamba, akamwelekeza ayafumue yote kwanza kabla ya kuyapandisha, maana paa la kale linataka nyasi zilizo huru.