Nani Anamharibia Mama Penseli Wino?

Watoto wake ndio waliomwita Mama Penseli, kwa sababu kila mlango nyumbani kwake ulikuwa na alama za kijivu za vidole vyake. Jina likamfuata hadi maabara, na baada ya miaka ishirini na miwili hata Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa akiliandika kwenye ratiba. Alianza kwa kuosha vyombo. Akaosha huku akitazama, akatazama huku akiuliza, mwisho akawa yeye ndiye anayeulizwa.

Kazi yake ilikuwa kuuchambua ule unga mweusi unaotiwa ndani ya penseli. Ukiuona hivi hivi utadhani ni masizi, kumbe kila chembe ni kama kitabu chenye maelfu ya kurasa zilizobanana. Mama Penseli aliulowesha katika asidi, akauosha siku tatu mfululizo, kisha akauweka katika beseni la umeme linalotetema, mpaka kurasa zikaachana moja moja na kuelea ndani ya maji. Hapo yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Huo ndio wino: ukiupaka kwenye plastiki na kuupasha moto, unapitisha umeme. Chupa iliyotoka mikononi mwake ilikaa rafuni mwaka mzima bila kutuama.

Sasa, kwa wiki tatu, wino wake ulikuwa unakatika. Jioni aliuacha laini. Asubuhi alikuta mabonge meusi yamelala chini na maji matupu juu, kama maziwa yaliyosahauliwa juani.

Mara ya kwanza alijilaumu. Mara ya pili alimtazama Kimya.

Kimya alikuwa fundi mwenzake, mwanamume wa makamo aliyehamia kutoka maabara nyingine miezi miwili iliyopita, tena bado yuko kwenye majaribio. Viatu vyake vilikuwa na soli za mpira. Ulimsikia alipokwisha kusimama nyuma yako. Saa ya chakula alitoweka. Akisalimiwa alijibu, basi.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, shoga yangu," alisema mtunza stoo, akiegemea kaunta yake. "Na huko alikotoka, nasikia, aliondoka bila hata kuagwa."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Ah, wewe nawe! Watu ni watu. Unataka na vitambulisho vyao?"

Mama Penseli akaenda kwa Daktari. "Miaka yote hii wino wangu haujakatika," alimwambia. "Amekuja yeye, unakatika. Jumlisha mwenyewe."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kwa unga uliokwisha kuoshwa, tengeneza mwingine kesho Jumatano. Alhamisi nikikuta nao umekatika, namwandikia barua arudi alikotoka. Siwezi kukupoteza wewe kwa ajili yake."

Nyumbani, mumewe alimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la cherehani, akichagua nyuzi.

"Mama watoto, unashona nini?"

"Mtego."

Akamweleza. Mumewe, mwalimu mstaafu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi nikichelewa kurudi kutoka dukani, utanifunga uzi wapi?"

"Wewe cheka tu. Mwizi anakamatwa na aliyekaa chonjo."

Jumatano jioni alifunga chupa tatu, akazungushia kila kizibo uzi mwekundu, kwa fundo alilofundishwa na shangazi yake, ambalo mtu mwingine akilifungua hawezi kulirudisha. Alhamisi aliwahi kufika. Nyuzi zilikuwa zilezile, mafundo yaleyale. Ndani ya chupa zote tatu, mabonge.

Mtu mwingine angesema basi, hakuna aliyegusa. Lakini shaka ikishaota mizizi hainyauki kwa siku moja. Alichukua kioo cha kukuzia, akaanza kukagua vizibo, kimoja baada ya kingine.

"Unatafuta nini, dada?"

Alishtuka. Kimya alikuwa nyuma yake.

"Tundu," alijibu. "La sindano."

Kimya alizitazama nyuzi, akamtazama yeye, akaelewa. "Dada, mama yangu amelazwa hospitali ya hapo nyuma. Ndiyo sababu nilihama. Saa ya chakula nakwenda kumlisha, maana hashiki kijiko. Sikusema kwa kuwa hakuna aliyeniuliza." Akachukua koti lake kwenye msumari. "Daktari alipita hapa kabla yako, ameshaziona hizo chupa. Ameniita saa nne."

Akatoka. Mama Penseli hakumwamini, wala hakuweza kutomwamini. Aliviweka vizibo juu ya meza, na hapo, kwenye kipande cha kioo kilichodondokewa na maji jana, akaona duara jeupe, jembamba, limekauka.

Maji ya wino hutoka kwenye mtambo wa kuchujia, nayo hayaachi duara. Ndiyo maana huchujwa: yasiwe na chumvi wala chokaa hata chembe, kwa kuwa chokaa ikiingia kwenye wino kurasa zile hukumbatiana upya na kuzama. Alikinga maji mapya kwenye mtambo, akadondosha tone kwenye kioo safi, akalipasha moto. Duara lilelile, kama ukoko wa ndani ya birika.

Ubavuni mwa mtambo ilining'inia kadi. *Kichujio kimebadilishwa*, tarehe, sahihi. Sahihi ilikuwa yake.

Akakumbuka. Siku ile mkaguzi wa kadi alikuwa njiani, stoo imefungwa, mtunza stoo kaenda kliniki. Alitia sahihi kwanza, akajiambia kichujio atakiweka kesho. Kesho ile akaisahau.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo. Stoo ilikuwa wazi. Angeweza kubadilisha kichujio kwa dakika kumi, asijue mtu. Kimya angeondoka, wino ungetengemaa, na watu wangesema: mnaona? Wazo hilo lilimtisha zaidi kwa jinsi lilivyokaa vizuri. Aliing'oa kadi, akachukua kipande cha kioo, akapanda ngazi.

Kimya alikuwa amesimama mbele ya meza ya Daktari, na barua kati yao.

"Mwizi ni mimi," alisema Mama Penseli, akaweka kadi juu ya barua.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamkazia macho Kimya. "Umemlilia?" Akamgeukia Mama Penseli. "Au umemwonea huruma?"

"Usiniamini. Shuka ukadondoshe tone mwenyewe."

Akashuka, akadondosha. Aliporudi aliichana barua vipande viwili, bila kumtazama yeyote. "Kuanzia leo kadi itakuwa na sahihi mbili," alisema. "Na ya kwanza si yako, mama."

Mchana Kimya alilala chali chini ya mtambo, akifungua kichujio kilichogeuka rangi ya kutu. Mama Penseli alimmulikia tochi.

"Kaka, yale niliyokudhania..."

"Mulika huku, dada."

Akamulika. Kimya alipokaza parafujo ya mwisho, akatoka, akatia sahihi, akampa kalamu. Mama Penseli hakuipokea.

"Umeweka kipya kweli?"

"Si umeniona?"

"Nimeona mgongo wako."

Kimya akasogea pembeni. "Basi ingia uguse."

Mama Penseli akakunja sketi yake, akaingia chini ya mtambo, akagusa.